Jibu: Mpwa wangu asomee udereva, au magari yanayojiendesha yatamnyima kazi?

Dada, umeuliza kama mpwa wako aache mpango wa kuendesha matatu ya Malindi–Mombasa kwa sababu ya hayo magari yasiyo na dereva. Asiache.

Ni kweli, kampuni ya magari yanayojiendesha ya Waymo inabeba abiria bila dereva mjini Phoenix, Marekani, tangu 2020. Lakini gari lile huenda pale tu palipochorewa ramani kwa undani. Hebu lilete Mtwapa saa kumi na mbili jioni: mkokoteni mbele, tuktuk inageuza bila taa, makanga anagonga bodi mara mbili. Ile lugha ya kugonga bodi sijui mashine itafunzwa na nani!

Ila asitegemee usukani peke yake. Hata hayo magari yana watu nyuma yake: wa kuyasafisha, kuyachaji, kurekebisha kamera na vihisio, na wanaokaa ofisini kuyaelekeza yanapokwama. Mimi nina gereji ndogo hapa Malindi, na gari nyingi zinazoletwa siku hizi huanza na kompyuta ya kusoma hitilafu, spana baadaye. Vijana wa spana ninao tele. Wa kompyuta nina mmoja, naye Mombasa wanamtaka.

Kwa hivyo leseni achukue, lakini aingie chuo cha ufundi asomee umeme wa magari, kisha afanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani. Akitaka mahali pa kujifunzia wakati wa likizo, aje. Chai ya asubuhi na mahamri juu yangu, mshahara tutazungumza.