Rauta inasoma -20 na neti bado inakatika? Ilinitokea mtaa wa Pipeline

Mkuu umeuliza mbona fundi amepima kwako akapata -20 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga, ikishuka zaidi mwanga ni hafifu), akasema signali iko fiti akaenda zake, na bado kila jioni neti inakatika. Mimi nimevuta fiba hapa Nairobi miaka kadhaa, wacha nikuelezee.

Hiyo -20 ni ya upande mmoja tu. Mwanga unashuka kutoka ofisini kwa 1490 nm, wako unapanda kwa 1310 nm, uzi ni ule ule mmoja. Hako kaboksi kako, yaani ONT, kanapima kinachoshuka. ONT nyingi za GPON (mfumo wa fiba ambao nyumba kadhaa zinashiriki uzi mmoja) zinavumilia mpaka karibu -27, ingawa mimi nikiona -25 nabeba ngazi siku hiyo hiyo. Sasa kinachopanda anakipima nani? OLT, mashine ya kampuni huko ofisini, na hapo ndio mafundi wengi hawaangalii.

Hizi mashine mbili hazinyamazi. OLT inatuma fremu 8000 kila sekunde na kila fremu imebeba kaujumbe ka PLOAM, yaani ka kuamrisha ONT, halafu kuna njia nyingine ya OMCI ambayo ofisi inaulizia ONT inasoma mwanga kiasi gani, leza ina joto gani, bila mtu kutoka kitini. Kuna na BIP, anayetuma anapiga hesabu ya biti zake anaituma pamoja na mzigo, anayepokea anapiga tena, zikikataana hapo kuna kosa na linahesabiwa.

Sasa Pipeline. Ghorofa moja, splita ya 8 (kifaa kinachogawa uzi mmoja kwa nyumba nane), wateja wote wanalia kuanzia saa moja jioni. Nyumba zote zinasoma -19, -21, safi kabisa. Tukabadilisha pachikodi (waya mfupi wa fiba), tukasafisha konekta, tukalaumu panya (panya wa Pipeline hulaumiwa kwa kila kitu), siku tatu zikaisha hivyo. Ndio jamaa mmoja wa ofisini akafungua hesabu za BIP za kupanda, akakuta makosa yanaongezeka nyumba zote kwa dakika moja. Uchafu wa konekta ya mtu mmoja hauwezi kufanya hivyo. Tukapanda juu tukaanza kuchomoa moja moja, ya tano kutoka, kimya, makosa yakasimama.

Kumbe ONT ya huyo jamaa leza yake haizimi kwa wakati. Kwenye GPON kila nyumba inapewa zamu yake ya kuongea, sasa huyu zamu yake ikiisha anaendelea kuwaka tu anafunika majirani. Na mbona jioni? Alikuwa anazima kila kitu ukutani asubuhi akienda kazini, stima ni ghali, akirudi jioni anawasha. OLT inaweza kuifungia ONT kama hiyo kwa ujumbe wa PLOAM, lakini lazima ujue ni ipi, na kama leza imekwama kabisa hata ujumbe haisaidii, ni kuchomoa.

Kwa hivyo ukipiga simu usiulize signali ni ngapi, uliza makosa ya BIP ya kupanda yakoje, yako na ya wenzako wa splita moja. Yakiwa kwako peke yako, shida iko kwa laini yako. Na waya ukiwa umekunjwa vibaya 1490 huumia kuliko 1310, so hiyo -20 ingekuwa imeanguka. Leo ikikata ingia kwa ukurasa wa rauta dakika hiyo hiyo, piga skrinishoti ya dBm uilete hapa.