Kitenzi cha Kiingereza Chenye Wenyewe Wawili

Ninasahihisha ripoti na barua za vijana wanaotafuta kazi katika mashirika ya kibinadamu hapa Goma. Kosa ninalolipigia mstari mara nyingi si la msamiati, ni la kitenzi chenye wenyewe wawili: kiwe cha umoja au cha wingi?

Neno "and" lenyewe halisumbui. "Furaha and Baraka work in Sake": wako wawili, kitenzi ni cha wingi, basi. Shida inaanza na "together with" na "as well as". Sisi tunasema "Mratibu pamoja na wauguzi wamefika" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka "The coordinator, together with the nurses, has arrived". Mwenye sentensi ni mratibu peke yake. Wauguzi wamepewa lifti tu. Funika kwa kidole maneno yaliyo kati ya mikato miwili, soma yaliyobaki, ndipo uchague kitenzi.

Kuna mtego mwingine ambao vitabu vya sarufi nilivyotumia havikuugusa, maana ni wa kwetu. "Tulienda na Furaha" huweza kumaanisha watu wawili tu, mimi na yeye. Ukiandika "We went with Furaha", msomaji wa Kiingereza atahesabu watatu au zaidi. Kwenye ripoti ya safari ya kwenda Rutshuru, mhasibu atamtafuta huyo wa tatu na posho yake! Andika "Furaha and I went".

Kosa la "neither... nor" tusilisingizie Kiswahili. Limetoka darasani, kwenye Kifaransa, ambako tumezoea "Ni le directeur ni le chauffeur ne sont venus", kwa wingi. Kiingereza cha kuandika kinafuata jina lililo karibu na kitenzi: "Neither the director nor the driver was there". Waingereza wenyewe wakiongea hupitisha "were", lakini anayesahihisha mtihani wako hayuko kwenye maongezi. "Or" nayo ni hivyo hivyo. "The potatoes or the charcoal is on the chukudu" (chukudu ni ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo) ni sahihi, ila inakwaruza sikio. Geuza: "The charcoal or the potatoes are on the chukudu". Jina la wingi likae mwisho, karibu na kitenzi.

Ukitanguliza "every" au "each", rudi kwenye umoja: "Every man and woman has a card". Bugali na sombe kwenye sahani moja huhesabiwa kitu kimoja, kwa hiyo "Bugali and sombe is my favourite meal" inakubalika.

Kwenye mikataba, chunga sana neno dogo "the". "The director and founder has signed" ni mtu mmoja mwenye vyeo viwili. "The director and the founder have signed" ni watu wawili, na ukurasa wa mwisho unahitaji sahihi mbili.

Ukibanwa na muda kwenye mtihani wa kazi, achana na "as well as" kabisa. Andika "and", tia kitenzi cha wingi, nenda swali linalofuata.