Majaribio yanayofeli na kufaulu yenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, tuko watengenezaji programu watano, na majaribio yetu ya kiotomatiki ya kukagua programu, yapatayo 300, huchukua dakika 40 kumalizika. Karibu kila siku mawili au matatu hufeli bila mtu kugusa msimbo (maandishi ya programu) unaohusika, na tukiyarudia hufaulu. Mwenzetu anapendekeza kila jaribio linalofeli lirudiwe lenyewe hadi mara tatu. Je, tumkubalie?

Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, msimkubalie. Ikiwa hitilafu imo ndani ya programu yenyewe na hujitokeza mara moja katika kila mbili, tuseme malipo mawili yanapogombea salio moja, jaribio linaloruhusiwa kurudiwa hadi mara tatu litaipitisha mara kumi na tano katika kila kumi na sita, na atakayeigundua ni mteja.

Jaribio kigeugeu, yaani linalofeli na kufaulu bila msimbo kubadilika, lina chanzo, na mara nyingi chanzo hicho ni kusubiri vibaya. Watafiti waliochambua marekebisho ya majaribio ya aina hii katika miradi ya Apache, shirika la programu huria, mwaka 2014, waliona kuwa karibu asilimia 45 ya yale waliyoweza kuyaainisha yalihusu jambo hilo. Jaribio lililoamriwa kutulia sekunde tano kabla ya kubofya kitufe hufeli siku seva imeelemewa, na siku seva ni nyepesi hupoteza sekunde nne bure. Kwa hiyo liagizeni lisubiri hadi kitufe kionekane, likiwekewa ukomo, nanyi mtapunguza ugeugeu na ucheleweshaji kwa pamoja.

Yaendesheni pia kwa mpangilio wa kubahatisha, ili yale yanayotegemea data iliyoachwa na mengine yajifichue. Kwenu Arusha angalieni na saa: seva nyingi hufuata UTC, saa rasmi ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hivyo kuanzia saa 6 hadi saa 9 usiku tarehe ya seva huwa bado ni ya jana. (Jaribio linalofeli usiku tu lisisingiziwe mtandao.)

Lisilotibika leo litengwe, likabidhiwe mtu mmoja kwa wiki mbili, na muda huo ukipita lifutwe.

Kuhusu dakika 40, pimeni kila jaribio. Hesabu ya kodi au riba haihitaji kufungua kivinjari. Ijaribiwe moja kwa moja kwenye msimbo wake. Kugawa kazi kwa kompyuta kadhaa kuje mwisho, kwa kuwa majaribio yanayotumia kanzidata moja, yakiendeshwa sambamba, yatazidi kuyumba.