Maswali yenu: ibada za viziwi zilitoka wapi, na mkalimani akae wapi?

Wiki hii nimechukua maswali ya watu walioona mkalimani wa lugha ya ishara kanisani wakaanza kujiuliza. Nimeyafupisha kidogo.

Hii kitu ilianzia Amerika ama? (Umoja)

Hapana, Ufaransa. Miaka ya 1760 hivi kulikuwa na padre Paris anaitwa Charles-Michel de l'Épée, alikutana na dada wawili viziwi akajiuliza hawa watafundishwaje dini na hawasikii, basi badala ya kuwalazimisha waongee akajifunza ishara, akafungua shule. Baadaye shule ya Paris ikamtoa Laurent Clerc, yeye mwenyewe kiziwi, ambaye mchungaji Thomas Hopkins Gallaudet alienda naye Marekani 1816 na mwaka uliofuata wakaanzisha shule Hartford. Mtoto wa Gallaudet naye akawa kasisi, akaanzisha kanisa la viziwi New York 1852.

Na Afrika, si ni wazungu walileta? (Kayole)

Kuna wazungu, sawa, Wakatoliki kwa mfano walikuwa na shule Mumias na Nyangoma mapema miaka ya 1960. Lakini mtu wa kukumbuka ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa Alabama, aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa sababu ya homa ya uti wa mgongo. 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet kule Washington, 1956 akaunda misheni yake, 1957 huyo Accra. Jamaa alizunguka nchi 13 akaacha shule zaidi ya 30, na makanisa na madarasa ya Jumapili juu yake, halafu pale Ibadan akawa anafunza viziwi wenyewe kuwa walimu, na hapo ndio naona aliwashinda wengine wote. Lawama yake ni kwamba alikuja na ishara za Kimarekani, mpaka leo ziko kwa lugha za viziwi nchi kadhaa za Afrika Magharibi. Alikufa kwa ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987.

Kuna mtu ananiambia kiziwi hawezi kuamini, ati Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. (Githurai)

Mwambie asome sura yote. Hoja hiyo ni ya zamani sana na imefungia watu nje karne nyingi. Paulo anaongea juu ya ujumbe kufika, na kwa mkono unafika vizuri tu.

Baba yangu alisoma shule ya misheni, anasema ishara zilikuwa marufuku darasani. Si kanisa lilikuwa linawasaidia? (Rongai)

Yote mawili ni kweli. 1880 walimu walikutana Milan, karibu wote wanaosikia, wakapiga kura watoto wafundishwe kuongea na kusoma midomo, na upepo huo ukafika mpaka kwetu, huku Kenya ishara zilianza kukubalika madarasani miaka ya 1980. Watoto walikuwa wanapiga stori kwa mikono bwenini na uwanjani, mwalimu akitokea mikono inashuka. Leo lugha ya ishara ya Kenya iko kwa Katiba ya 2010, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge.

Biblia ya ishara iko? (Ruiru)

Ya video, ndiyo. Ya ishara za Kimarekani ilikamilika 2020, lakini hizo si ishara zetu, usimwonyeshe shosh kiziwi wa Murang'a ukategemea ataelewa.

Tumepata mkalimani, tunamweka wapi? (Kawangware)

Karibu na mhubiri, mwanga umpige usoni, dirisha lisiwe nyuma yake. Avae nguo ya rangi moja isiyofanana na ngozi yake. Mpeni mahubiri na nyimbo mapema, na mkiwasha projekta msizime taa zote, kwa kesha pia muwe na taa ya akiba maana stima ikipotea nyinyi mnaendelea kuimba wao wamekatiwa ibada. Halafu hiyo ya “tufumbe macho tuombe”, jamani, akifumba ataionaje hiyo sala? Na kama kuna kiziwi anaweza kuhubiri mpeni madhabahu Jumapili moja, mkalimani ashike maiki awatafsirie nyinyi.