Maswali na majibu: wadudu wa maboga, na dawa inayopigwa kabla ya kutazama

Tangu mvua zilipoanza mwezi wa Novemba, barua za wasomaji wa hapa Lubumbashi zinazohusu maboga zimezidi nyingine zote, na wengi wa walioandika wanauliza jambo moja tu: wapige dawa gani. Hawasemi wamemwona mdudu gani, wala kama kilichowatia wasiwasi ni tundu, doa, funza au jani lililokunjamana. Nimechagua maswali ya wale ambao wametazama kidogo kabla ya kuandika, pamoja na mengine mawili ambayo nimeyajibu mara nyingi, kwa sababu kosa lililomo ndani yake linaweza kuumiza watu.

Mama, maboga yangu yanageuka manjano na kuanguka yakiwa bado na ukubwa wa yai. Nimekwisha kupiga dawa mara tatu bila mafanikio. Nijaribu dawa ipi nyingine? (Msomaji wa Kampemba)

Usijaribu yoyote. Okota vijiboga vitatu vilivyoanguka, uvipasue kwa kisu na kutazama ndani. Ukikuta funza weupe, soma jibu linalofuata. Ukikuta nyama safi isiyo na mdudu, na kijiboga kimenyauka kuanzia upande wa ua, basi hakuna mdudu aliyekiharibu, bali kimekosa mdudu wa kukihudumia. Boga lina maua ya kiume na ya kike juu ya mmea mmoja; la kike hulitambua kwa kijiboga kidogo kilicho nyuma yake, na la kiume husimama juu ya kikonyo chembamba. Maua hayo hufunguka alfajiri na kufungwa kabla ya adhuhuri, na chavua yake ni nzito yenye kunata, kiasi kwamba upepo hauwezi kuibeba. Hubebwa na nyuki. Wewe umepiga dawa mara tatu, na kama ulipiga asubuhi maua yakiwa wazi, uliwaua wale wale ambao wangekupa maboga.

Acha kupiga dawa, na kwa sasa ifanye kazi ya nyuki kwa mkono: kabla ya saa tatu asubuhi chuma ua la kiume, ondoa petali zake, kisha paka chavua katikati ya ua la kike lililofunguka siku hiyo hiyo. Ua moja la kiume linatosha maua mawili au matatu ya kike. Na wale mtakaoniandikia kwamba mmea wenu una maua mengi lakini hauna boga hata moja, hakikisheni kwanza kwamba maua hayo si ya kiume matupu, maana mara nyingi ndiyo hutangulia, na mmea hauna kosa lolote.

Boga langu kwa nje linaonekana zima, isipokuwa kitone kidogo cha utomvu kilichokauka, lakini nikilipasua ndani limeoza na limejaa funza. Wanaingiaje? (Msomaji wa Ruashi)

Huyo ni nzi wa matunda, na kitone ulichokiona ndipo alipochoma. Wako wa aina kadhaa wanaopenda jamii ya maboga, matango na matikiti, wengine wa asili ya Afrika, na mmoja, Zeugodacus cucurbitae, aliyetoka Asia. Wote hufanya kazi kwa njia moja. Jike hutoboa ngozi ya boga changa ambalo bado ni laini na kutaga mayai chini ya ngozi hiyo. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, funza hula nyama kutoka ndani, na wakishiba hutoka na kuingia ardhini sentimita chache tu, ambako kila mmoja hujifunga ndani ya ganda dogo la kahawia linalofanana na punje ya mchele, hadi atoke akiwa nzi mpya.

Sasa fikiri mwenyewe ni wapi dawa inayopigwa juu ya majani ingemkuta mdudu huyu. Funza amefunikwa na nyama ya boga, aliyejifunga amefunikwa na udongo, na nzi mzima hapumziki juu ya boga: huja kutaga, kisha hurudi kwenye mahindi na mimea mirefu iliyo kando. Ndiyo maana watu humaliza chupa nzima na funza wakaendelea kama kawaida.

Kinachomvunja nguvu ni usafi usiolegezwa. Kila siku, au angalau kila baada ya siku mbili, okota kila boga lililotobolewa au lililoanguka. Usilitupe kwenye mfereji wala kwenye rundo la takataka nyuma ya parseli (kiwanja chako), kwa kuwa hapo unawalea. Lizike kwa kina kisichopungua sentimita 50, au lifungie ndani ya mfuko mweusi wa plastiki usiopitisha hewa na kuuacha juani wiki mbili. Yale unayotaka kuyaokoa, yavishe mapema: ua la kike likishanyauka na kijiboga kikaanza kukua, kivalishe mfuko wa karatasi za gazeti zilizopishana mara mbili, au mfuko wa kitambaa chepesi, ukifungwa vizuri kwenye kikonyo hadi ngozi ikomae na kuwa ngumu. Mvua ikilowesha gazeti, badilisha. Baada ya mavuno tifua udongo juu juu na uwaachie kuku wachakure.

Mitego ya chupa yenye harufu ya kuvutia nzi inasaidia kujua kama wamefika, lakini huvuta madume peke yao, na wako nzi wa maboga wasioijali kabisa harufu hiyo, kwa hiyo asiwepo anayetundika chupa mbili na kuacha maboga yaliyooza chini. Zungumza pia na jirani. Ukuta wa parseli haumzuii nzi, na bustani moja safi katikati ya kumi chafu itaendelea kutobolewa.

Ni dawa gani nzuri ya wadudu wa maboga? (Wasomaji kumi na mmoja, kutoka pande zote za mji)

Mdudu gani, ndugu zangu? Geuzeni jani, tazameni upande wa chini, kisha mniandikie tena.

Mama, nimeona katika video kwamba kuna kiwavi anayeingia ndani ya shina la boga na kuliua. Je, nizungushie shina karatasi ya alumini kama walivyofanya wao? (Kijana wa komini ya Kenya, hapa mjini)

Hapana, mwanangu. Kiwavi huyo ni wa bara la Amerika na huku kwetu hayupo, kama asivyokuwepo yule mdudu wa kijivu mwenye harufu mbaya ambaye wakulima wa huko humwinda chini ya mbao. Video ni ya kweli kwa aliyeitengeneza, lakini bustani yake si yako. Ikiwa mche wako mchanga umekutwa asubuhi umelala, umekatwa usawa wa udongo, fukua kwa kidole kuzunguka shina lake. Utamkuta kiwavi mnene wa rangi ya udongo amejikunja, kwa sababu hukata usiku na kujificha mchana. Mwue, na miche mingine uivishe pete ya karatasi ngumu iliyozama kidogo ardhini.

Majani yangu ya kibwabwa (mboga ya majani ya maboga) yameliwa hadi yamebaki mishipa. Nimeona vidudu vya mviringo, vyekundu, vyenye madoa meusi. Jirani anasema nisiviue kwa kuwa ni rafiki wa mkulima. (Mama wa Katuba)

Jirani yako amesema neno la kweli kuhusu mdudu mwingine. Wadudu hao wawili ni wa ukoo mmoja na wanafanana, lakini mmoja anakula vidukari na mwingine anakula majani. Rafiki ana mgongo unaong'aa kama umepakwa mafuta. Mla majani ya maboga ana mgongo uliofifia kwa sababu umefunikwa na vinyweleo vifupi, na mara nyingi utamhesabia madoa 12. Watoto wake hawana shaka yoyote: ni wa manjano, wamejaa miiba midogo yenye matawi, na hukwangua jani kutoka chini.

Mdudu huyu ni mzito wakati wa baridi. Amka mapema, kabla jua halijapasha majani, chukua bakuli la maji ya sabuni, uwadondoshe humo mmoja mmoja, na uyaponde mayai ya manjano yaliyosimama pamoja chini ya jani. Rafiki naye hutaga mayai ya manjano, lakini hupenda kuyaweka karibu na vidukari, kwa hiyo jani lenye vidukari liache kwanza. Mashina kumi hayachukui hata nusu saa, na ukirudia kila asubuhi kwa wiki mbili utaona tofauti ambayo hakuna chupa itakayokupa.

Kama ni mbawakawa mwekundu au wa chungwa asiye na madoa, huyo ni mwingine, na hatari yake kubwa ni kwa miche yenye majani mawili au matatu. Funika miche kwa kitambaa chepesi cha pazia kilichobanwa kwa mawe, na ukiondoe maua yatakapoanza, ili nyuki waingie.

Nilipiga dawa ya mende inayouzwa sokoni katika chupa ndogo. Ningoje siku ngapi kabla ya kuchuma kibwabwa? (Mama wa Kamalondo)

Mama, usichume. Sina hesabu ya siku ya kukupa, wala hakuna mtu anayeweza kukupa, kwa sababu chupa hiyo haina karatasi inayosema ni sumu gani, ya nguvu gani, na iliruhusiwa kwa mmea gani. Dawa ya kilimo iliyo halali huandikwa siku za kungoja kati ya kupiga na kuchuma, na siku hizo hutofautiana kwa kila dawa na kila zao. Dawa ya mende haijawahi kupimwa kwa ajili ya chakula. Kuosha majani hakutoshi, kwa kuwa ziko sumu zinazoingia ndani ya mmea na kupanda hadi kwenye ncha changa, na ncha hizo ndizo tunazochuma. Ng'oa mashina uliyoyapiga, uyazike, upande mengine. Mbegu za boga si ghali kuliko mtoto.

Nasema kwa ukali kwa sababu kila mwaka swali hili linarudi. Boga la kwetu si tunda peke yake. Kabla boga halijakomaa tumekwisha kula majani yake miezi miwili, yakiwa yamepikwa na karanga na kuliwa na bukari (ugali), na watoto hula sawa na wakubwa. Anayepiga dawa juu ya maboga anaipiga juu ya mboga ya jioni. Tena dawa hizo humiminwa katika chupa za maji na za soda, kisha huwekwa chini ya meza ambako mtoto mwenye kiu anaifikia. Nyingi zake ni za aina inayoshambulia mishipa ya fahamu: mtu hutokwa na mate na jasho jingi, mboni za macho huwa ndogo, hutetemeka, kisha pumzi humshinda. Ukiona hayo, usimpe maziwa wala usimtapishe. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Ukitaka kuwa na amani, tenga mashina machache kwa ajili ya majani tu, karibu na jiko, na chochote kisipigwe hapo.

Majani ya juu yamekunjamana, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka. (Msomaji wa Bel-Air)

Ni vidukari, na sisimizi wanakuja kulamba utamu wanaoutoa. Tena huwalinda dhidi ya maadui zao. Yayusha gramu 30 za sabuni ya kipande iliyokwanguliwa katika lita 5 za maji, jaribu kwanza juu ya jani moja na ungoje hadi kesho yake, kisha nyunyiza jioni, upande wa chini wa majani. Sabuni huua kile inachokigusa ikiwa mbichi tu, kwa hiyo rudia baada ya siku nne au tano. Usitumie sabuni ya unga, itakuunguzia majani. Wakati wa mvua kubwa hutahitaji hata hilo, maana mvua huwaosha. Wataongezeka wakati wa kiangazi, kuanzia Mei, kwa wanaomwagilia.

Ila kama majani yana mabaka ya kijani na manjano yaliyochanganyika na kuvimba kama malengelenge, hicho ni kirusi kilicholetwa na vidukari. Hakitibiki. Kidukari hukiambukiza kwa kuchoma jani kwa sekunde chache, kabla dawa yoyote haijamuua. Ng'oa shina hilo, na usihifadhi mbegu zake.

Majivu ya makala yanatosha? (Msomaji wa Kampemba)

Yanasaidia kwa miche, yakinyunyizwa kidogo asubuhi umande ukiwapo, na mvua ya kwanza huyaondoa. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au ya plastiki yasifike bustanini.

Maboga yangu ni ya manjano na hayakui, lakini sioni mdudu hata mmoja. (Msomaji wa Penga-Penga)

Ninakuamini, na nakushukuru kwa kutopiga dawa. Tangu kiwanda cha kuyeyusha shaba kilipoanza mwaka 1911, moshi wake ulisukumwa kwa miaka mingi na pepo za kusini-mashariki kuja upande wenu, na udongo wa hapo umebeba shaba na metali nyingine nyingi. Usipande moja kwa moja ardhini. Jenga tuta lililoinuliwa kwa udongo ulioletwa kutoka mahali pengine na mboji nyingi, na majani yaoshwe kwa maji mengi kabla ya kupikwa, kwa sababu ya vumbi.

Mama, ninaishi karibu na mto Kafubu. Je, naweza kutumia majani ya buba (mmea wa Tephrosia) badala ya dawa ya duka? (Baba mmoja)

Unaweza, baba, kwa mbawakawa na viwavi, lakini usidhani kwamba kitu cha porini hakina sumu. Buba ndiyo ile ile iliyotumiwa na wazee kulewesha samaki, na inaua samaki kwa kiasi kidogo sana. Ipige jioni nyuki wakiwa wamelala, isiguse mashina ya kibwabwa unayochuma, na maji ya kusafishia ndoo uyamwage katika shimo la udongo mkavu, mbali na mto na kisima. Ndoo hiyo isirudi tena kuteka maji ya nyumbani.