Kwa madaktari watarajali wa wodi ya watoto, kabla hamjaandika "mdundo umepotea"

Juzi kwenye raundi nimefungua faili la mtoto wa wiki sita. Mtarajali mmoja ameandika, kwa mwandiko mzuri ninaouonea wivu: "Mdundo wa kortisoli umepotea. Cushing? Apigwe ultrasaundi ya adrenali." Yaani alishuku ugonjwa wa Cushing, kortisoli kuzidi mwilini. Nikalifunga faili. Nikalifungua tena. Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana sentensi hiyo niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, miaka 12 iliyopita. Wadogo zangu, sogeeni hapa.

1. Tazameni umri kabla ya majibu. Kwa mtu mzima mnajua: kortisoli, homoni inayotolewa na adrenali, zile tezi za juu ya figo, iko juu kabisa kama nusu saa baada ya kuamka, inashuka kutwa nzima, na karibu na saa sita usiku iko chini kabisa. Kichanga hana hayo. Saa kuu ya mwili, ile ya ndani ya ubongo, kwenye haipothalamasi, juu ya makutano ya neva za macho, anazaliwa nayo, ila adrenali zake bado ni kama nesi asiyepangiwa zamu: zipo kazini saa zote, asubuhi haina tofauti na usiku. Mdundo huanza kuonekana mwezi wa kwanza kwa wengine, kwa wengi miezi miwili hadi mitatu, na wapo wanaopitisha nusu mwaka nao ni wazima kabisa. Njiti mhesabieni kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Na hata mdundo ukishafika, usingizi wa mchana unauvuruga, kwa hiyo msitegemee mstari ulionyooka kama wa kwenye kitabu.

2. Msipime usiku kwa sababu tu mmesoma kwamba Cushing hupimwa usiku.

Nilikuwa mwezi wa tatu wa utarajali, hospitali ambayo sitaitaja. Akaletwa mtoto wa wiki tano, mashavu yamejaa, mapaja yana mikunjo, ananyonya kama amelipwa. Shida yake moja tu: mchana analala fofofo, jua likizama anaanza kulia. Mama macho mekundu. Mtu mwenye akili timamu angempima uzito, angemwangalia akinyonya, angemtuliza mama na kuwarudisha nyumbani. Mimi wiki ile nilikuwa nimetoka kusoma Cushing. Uso wa mviringo? Upo. Unene? Upo. Nikaagiza kortisoli ya asubuhi na ya saa sita usiku.

Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, mtoto alikuwa amelala. Nikamwamsha. Nikamtafuta mshipa mkono wa kulia, wa kushoto, mguuni, kichwani, dakika 40 nzima, taa zote za wodi zinawaka, na wenzake wameshaamka wanamwitikia. Sista wa zamu alinitazama tu, hakusema kitu, na ningekuwa na busara ningeusoma ule ukimya. Damu ikapatikana. Majibu yalipotoka, ya usiku yalilingana na ya asubuhi, tena yameyazidi kidogo.

Nikawaita wazazi. Nikawaambia huenda kuna uvimbe kwenye tezi za juu ya figo, na kwamba wajiandae kwenda Dar es Salaam kwa sitiskani. Baba hakuuliza kitu. Bibi yake mtoto ndiye aliyesema: "Dokta mwanangu, huyu hata arobaini hajatimiza. Usiku na mchana ataujulia wapi?" Nikamtabasamia, lile tabasamu la msomi anayemwonea huruma asiyesoma. Nikilikumbuka hadi leo nasikia aibu masikioni.

Siku ya tatu bosi wangu akarudi kutoka likizo. Akasoma faili akiwa amesimama. "Mdundo wa mtoto huyu ulikuwepo lini hata upotee?" Sikuwa na jibu. Akauliza tena: "Hii damu ya usiku ilikuchukua dakika ngapi?" Nikamwambia. Hakunifokea. Alinieleza tu kwamba maumivu yanapandisha kortisoli, na ukimchoma mtoto kwa nusu saa na zaidi, unachokipeleka maabara ni kipimo cha mateso uliyompa mwenyewe.

Wakati huo baba alikuwa ameshauza pikipiki, ile ya bodaboda iliyokuwa ikilisha nyumba, apate nauli na hela ya kipimo. Nilikwenda mwenyewe kuwaambia, pale nje kwenye benchi. Mama alilia. Baba aliniuliza, "Kwa hiyo hana kitu?" Nikasema hana kitu. Akanishika mkono akanishukuru. Angenitukana ningelala usiku ule. Tulichangishana wodini, nesi mmoja akatoa kuliko mimi, na hazikufika hata nusu ya bei ya pikipiki.

Basi, tuendelee.

3. Muda wa sampuli uandikwe kwa saa 24. Mama akikwambia mtoto amenyonya saa mbili, muulize ni asubuhi au usiku, kisha andika 08:00 au 20:00. Kuna mwenzenu aliandika 02:00, tukakaa nusu ya raundi tukimjadili mtoto wa ajabu anayepandisha kortisoli usiku wa manane. Mtoto alikuwa amepimwa saa mbili asubuhi, akina mama wodini wakinywa chai.

4. Ulizeni mafuta. Cushing mtakayekutana naye kwa vichanga mara nyingi ametoka kwenye tyubu: klobetasoli au betamethasoni, mafuta ya steroidi, iliyonunuliwa duka la dawa kwa ajili ya vipele vya nepi, ikapakwa kila siku na kufunikwa. Huyo mashavu yamevimba kweli, lakini kortisoli yake iko chini, kwa sababu adrenali zimelazwa usingizi. Muulizeni mama na mkorogo wake pia, maana mtoto analala kwenye kifua hichohicho. Muulizeni kwa upole, si mbele ya mawifi. Na msimwachishe dawa ghafla kabla ya kuniita.

5. Wanaokusanya mate ya kupima kortisoli kwa utafiti: msikusanye mtoto akitoka kunyonya, maziwa ya mama yana kortisoli yake.

6. Ulizeni kama mama alichomwa deksamethasoni, steroidi nyingine, kabla ya kujifungua. Inavuka kondo na kuzituliza adrenali za mtoto kwa muda. TSH, homoni inayoisukuma tezi ya shingo ifanye kazi, nayo hupanda sana muda mfupi baada ya kuzaliwa, kwa hiyo subirini siku mbili au tatu kabla hamjawatisha watu na tezi ya shingo.

7. Haya yote ya saa na mdundo yasahauni mtoto akiwa taabani, adrenali zinaonekana kushindwa kazi: amelegea, sukari imeshuka, sodiamu chini, potasiamu juu. Hapo chukueni damu haraka, mpeni haidrokotisoni (kortisoli ya dawa), maji na sukari, mabishano baadaye. Damu itangulie dawa kama inapatikana upesi, kwa sababu mashine haitofautishi haidrokotisoni ya sindano na kortisoli ya mtoto.

8. Mama asiyelala apewe jibu, asipewe fomu ya maabara. Mwambieni hivi: tumboni mtoto alikuwa akipata melatonini yake, homoni ya usiku na usingizi, kupitia kondo. Akizaliwa ile inakatika, na ya kwake inaanza kuwa na usiku na mchana akikaribia miezi mitatu. Katikati hapo anasaidiwa na maziwa ya usiku, ambayo yana melatonini. Ya mchana karibu hayana. Kwa hiyo mchana madirisha wazi, kelele za nyumba ziendelee, na usiku giza na maneno machache, hata wakati wa kubadilisha nepi. Halafu mkimaliza kumshauri hivyo, geukeni muangalie taa za wodi yetu, zinazowaka usiku kucha kama za kituo cha mafuta. Nimeomba swichi ya kila upande tangu mwaka juzi.

Mwenye ule mwandiko mzuri aje ofisini leo saa nane mchana, yaani 14:00, na faili. Sijakasirika. Asizungumze na wazazi kabla hatujaonana. Na kama ameshazungumza nao, aje sasa hivi, twende wote.