Dakika Tatu za Mwanzo: Kwa Mnaoanza Kutengeneza Filamu za Kutisha

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikihariri filamu fupi hapa Moshi, na kila mwaka huletewa kazi za vijana ambao wengi wao huanza na filamu ya kutisha kwa sababu haihitaji fedha nyingi: nyumba moja, usiku mmoja, waigizaji wawili au watatu. Sababu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, kuna kosa moja linalojirudia karibu katika kila kazi, nami nililifanya katika filamu yangu ya kwanza, nalo ni kudhani kwamba ufunguzi wa filamu ya kutisha unapaswa kutisha. Filamu yangu ilianza na mlango uliofunguka kwa kishindo na uso uliopakwa rangi nyekundu, katika sekunde ya 8, sauti ikiwa juu kabisa. Watazamaji walishtuka, wakacheka, wakarudi kwenye mazungumzo yao, na katika dakika zote zilizofuata sikuweza kuwarudisha.

Mshtuko na taharuki ni vitu viwili. Mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alilieleza jambo hili kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Watu wamekaa wakizungumza mambo ya kawaida, bomu linalipuka ghafla, na watazamaji wanapata mshtuko wa sekunde 15. Lakini ikiwa watazamaji wamekwisha kuliona bomu likitegwa, na wanajua litalipuka saa ngapi, mazungumzo yale yale yatawapa taharuki ya dakika 15. Zingatieni kwamba hakuna neno lililoongezwa mezani. Kilichobadilika ni kile anachokijua mtazamaji. Ndiyo maana nawaambia wanaokuja kwangu kwamba kazi ya ufunguzi ni kumfundisha mtazamaji namna ya kuiogopa filamu hii, si filamu nyingine: ni sauti gani ina hatari ndani yake, ni sehemu gani ya picha anapaswa kuichunga, na ni nani anayejua zaidi kati yake na mhusika.

Chukueni filamu ya papa ya Steven Spielberg, Jaws, ya mwaka 1975. Kabla hatujamwona mtu yeyote, kamera inapita chini ya maji katikati ya mwani, na noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams zinarudiwa zikizidi kusogea karibu. Kisha msichana anaingia baharini usiku kuogelea, tunamtazama kutoka chini, anavutwa mara moja, mara ya pili, anapelekwa huku na huku, halafu bahari inatulia kana kwamba hapakuwa na mtu. Papa hatumwoni hata kidogo. Sehemu ya sababu ilikuwa ya kiufundi, kwa kuwa papa wa mashine aliyetengenezwa kwa ajili ya filamu hiyo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, lakini faida yake ilikuwa kubwa: kuanzia hapo zile noti mbili ndizo papa. Mbele kidogo watoto wawili wanawatania waogeleaji kwa pezi la bandia, na muziki ule haupigwi. Mtazamaji makini anaweza kutambua kwamba hakuna hatari ya kweli, na baadaye muziki ukirudi anauamini. Filamu iliyofundisha kanuni haipaswi kuivunja ovyo, na ninaona kazi nyingi za vijana zikipoteza imani ya mtazamaji kwa kupiga muziki wa hatari kila paka anapopita.

John Carpenter naye, katika Halloween ya mwaka 1978, alifundisha kwa jicho. Kamera yenyewe ndiyo macho ya mtu anayeizunguka nyumba, anayechungulia dirishani, anayeingia jikoni na kuchukua kisu, kisha anayevaa kinyago hata sisi tunabaki kuona kupitia matundu mawili tu. Mwishoni kinyago kinavuliwa na tunakuta mtoto wa miaka 6. Baada ya hapo, kila kamera inaposogea taratibu nyuma ya kichaka, mtazamaji hujiuliza anatazama kwa macho ya nani. Swali hilo halihitaji vifaa vya gharama. Linahitaji mpiga picha anayejua ni kwa nini kamera iko pale ilipo.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Katika Get Out ya Jordan Peele, ya mwaka 2017, majina ya mwanzo yanapita juu ya picha za msitu, na wimbo unaosikika, uliotungwa na Michael Abels, ni wa Kiswahili: Sikiliza Kwa Wahenga. Wengi wa watazamaji wa Marekani walisikia minong'ono ya lugha wasiyoijua na wakaingiwa na wasiwasi wa kutoelewa. Sisi tunasikia onyo. Wahenga wanamwambia ndugu yao, yaani mhusika mkuu, kijana Mweusi anayekwenda kuwatembelea wazazi Wazungu wa mpenzi wake, akimbie, naye hasikii. Kwa mtazamaji wa Moshi, basi, wimbo huo ndio bomu lililo chini ya meza, na dakika zote za ukarimu na tabasamu zinazofuata anazitazama akiwa na habari ambayo mhusika hana. Nashauri muutazame ufunguzi huo mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti na mara ya pili bila sauti, ili muone ni kiasi gani cha woga kinaondoka.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwenye sauti, kwa sababu ndiyo tuliyojaliwa hapa na ndiyo inayopuuzwa. Msiondoke mahali popote mlipopiga picha kabla ya kurekodi dakika mbili za mazingira matupu, watu wote wakiwa kimya na jenereta imezimwa. Mlio wa perere, yule mnyama mdogo wa mitini anayefanana na pimbi, usiku huko msituni unaweza kumtoa jasho mtu aliyekulia Dar es Salaam, ilhali mtu wa Marangu, huku mlimani Kilimanjaro, atageuza shavu kwenye mto na kuendelea kulala. Amueni mapema mnamwandikia nani.

Tulipotengeneza ufunguzi mmoja katika nyumba ya Kibosho, tulimweka binti jikoni nje, jioni, akimenya ndizi za mtori. Kamera ilikaa karibu na mikono yake: kisu kikipita chini ya ganda, utomvu ukiacha madoa meusi vidoleni, maganda yakidondoka kwenye beseni. Nyuma ya nyumba mfereji ulikuwa ukitiririka, na sauti yake tuliiacha isikike tangu picha ya kwanza bila kuuonyesha. Baada ya sekunde 40 parachichi linaanguka juu ya bati. Binti anainua kichwa, anaona ni parachichi, anaendelea. Mtazamaji naye anapumua, na amekwisha kujifunza kwamba katika nyumba hii kelele si kitu. Sekunde 30 baadaye maji ya mfereji yanafifia, polepole, kwa muda wa sekunde 6, mpaka yanakoma. Mwongozaji alitamani kuweka muziki mahali hapo, nami nilimsihi asiweke, kwa kuwa muziki ungemwambia mtazamaji kile ambacho sikio lake lilikuwa linaanza kukigundua lenyewe.

Jaribuni kazi yenu kwa mtu asiyejua chochote kuihusu, na mtazameni yeye badala ya kutazama picha. Sisi tulimwonyesha mama mwenye nyumba kwenye kompyuta, tukampa spika za masikioni, hatukumweleza neno. Parachichi lilipoanguka alitabasamu. Maji yalipokoma aliacha kutabasamu, akasogeza uso karibu na kioo, akauliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, ni nani amefunga maji huko juu?" Binti katika picha alikuwa bado hajainua kichwa.